Mtupa jongoo hutupa na rutuba ya shamba lake

Kila Ijumaa alasiri, kengele ya kufunga wiki inapokaribia kulia, moshi huanza kupaa katika viwanja vya shule zetu za upande wa bara wa Mombasa. Nimeuona Mtongwe na Shika Adabu, nimeuona Mtopanga na Mwakirunge, nimeuona Chaani na Miritini. Wanafunzi wamepewa mafagio na mapanga. Wamefagia majani ya mwembe na ya mwarobaini, wamekata matawi ya ua, wamekusanya yote pembeni wakayafanya biwi moja kubwa. Kisha mmoja wao huitwa alete kiberiti.

Jumatatu yake, wanafunzi wale wale huingia darasani wakafundishwa kwamba udongo unahitaji mboji. Mwalimu huandika ubaoni neno "rutuba", nao hulinakili katika madaftari yao, ilhali nje ya dirisha jivu la rutuba yenyewe lingali linafuka. Je, ndugu wasomaji, kuna kinaya kikubwa kuliko hiki?

Nia yangu leo si kumlaumu mtu. Kama ni lawama, basi mimi ndimi wa kwanza kuistahili, kwa kuwa nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi na mabiwi hayo niliyawasha kwa mkono wangu. Ninalotaka kusema ni hili tu: matawi na majani tunayoyakata na kuyachoma ni chakula ambacho udongo wa pwani unakihitaji mno, na shule ndipo mahali panapofaa kuanzia kuiacha desturi hii ya moto.

Katika shule moja ya Likoni nilikofundisha, tulikuwa na shamba dogo nyuma ya madarasa. Kila masika tulipanda mahindi, na kila masika mahindi hayo yalifika kimo cha goti, yakageuka manjano, yakachanua yangali mafupi. Tuliilaumu mvua. Mwaka uliofuata tukailaumu mbegu, na mwaka wa tatu tukawalaumu mbuzi wa majirani. Hakuna hata mmoja miongoni mwetu, sisi tuliohitimu vyuoni, aliyeulaumu moto.

Ng'ambo ya ua aliishi mama mmoja wa makamo aliyekuwa akilima mihogo, mahindi na mchicha katika kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa madarasa mawili. Udongo wake ulikuwa ndio huo wetu, mchanga mtupu, na mvua iliyomnyeshea ndiyo iliyotunyeshea sisi. Hata hivyo, shamba lake lilikuwa la kijani hadi kiangazi kilipokolea. Siku moja alisimama kwenye ua akaniamkia, kisha akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Hayo majani mnayoyatia moto kila Ijumaa, hamwezi kunipa mimi?"

Nilimuuliza atayafanyia nini. Alicheka kidogo kwa staha, akanijibu, "Nitayalaza juu ya ardhi, Mwalimu. Ardhi nayo ni kiumbe, ikiachwa uchi juani huungua." Nakiri kwamba siku hiyo nilimpa majani kwa sababu tu alinipunguzia kazi ya kuyachoma. Ilinichukua misimu miwili kuelewa kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, nami nilikuwa mwanafunzi.

Sasa tuitazame ardhi yenyewe, maana haifai kuzungumzia dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Upande wa bara wa Mombasa hauna udongo wa aina moja. Karibu na bahari, ardhi imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na udongo wake ni mwembamba, wenye chokaa nyingi. Ukiiacha bahari kidogo, katika sehemu za Likoni na Kisauni, unakuta mchanga mwekundu au wa kijivu unaopitisha maji mithili ya chujio. Changamwe nako kuna udongo mzito uliotokana na mwamba laini wa kale, ambao wakati wa mvua hunata miguuni na wakati wa jua hupasuka nyufa za kuingia kidole.

Udongo wa aina hizi unatofautiana kwa mengi, lakini una haja moja. Mchanga unahitaji kitu cha kushika maji na virutubisho visizame chini mbali na mizizi. Udongo mzito unahitaji kitu cha kuulegeza ili hewa na maji vipenye. Udongo wa matumbawe unahitaji kitu cha kuuongezea kina na kuupoza. Kitu hicho katika hali zote tatu ni kimoja: mabaki ya mimea yaliyooza, yaani mboji.

Mombasa hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, nayo si haba. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa huja kwa mkupuo katika miezi michache ya masika, hasa Aprili na Mei. Matone mazito yakiangukia ardhi iliyo uchi huipiga na kuifunga uso, maji yakateleza juu yake kuelekea mitaroni na baharini, yakichukua tabaka la juu ambalo ndilo lenye uhai. Ardhi iliyofunikwa kwa majani haipigwi hivyo. Tone huvunjwa nguvu na jani, likashuka taratibu, likanywewa.

Ni nini basi kinachopotea tunapochoma? Jani si taka. Ndani yake mna kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani, naitrojeni inayofanya mimea iwe ya kijani, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na madini mengine ambayo mizizi iliyachimbua kutoka chini sana. Moto ukipita, kaboni na naitrojeni karibu zote hupaa pamoja na moshi. Jivu linalobaki lina potasiamu na kalsiamu, ni kweli, na wazee hawakukosea walipolinyunyiza kwenye migomba. Lakini jivu halishiki maji, halimlishi mnyoo wala jongoo, na mvua kubwa ya kwanza huweza kulizoa. Fauka ya hayo, katika udongo wa matumbawe ambao tayari una chokaa kupita kiasi, kuongeza jivu jingi ni sawa na kumtilia chumvi mtu anayelalamika kiu.

Yamkini kuna msomaji anayesema kwamba haya ni maneno matupu ya mwalimu mstaafu, na kwamba majani makavu hayawezi kuibadilisha ardhi iliyokufa. Msomaji huyo namwomba apande matatu ya kwenda Bamburi.

Hapo Bamburi, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954 na kwa miaka mingi kikachimba matumbawe ya kale kwa ajili ya kutengenezea saruji. Machimbo yaliyobaki yalikuwa jangwa la mawe meupe. Hapakuwa na udongo, jua liliakisiwa na mwamba likachoma mara mbili, na maji yaliyokuwa chini ya mwamba yalikuwa na chumvi. Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti katika jangwa hilo. Aina 26 zilijaribiwa. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mnazi, mti mmoja wa jamii ya mikoko wenye asili ya Pembe ya Afrika, na mvinje, ule mti ambao wanafunzi wa pwani huufahamu kwa boriti zake na kwa mvumo wake wakati wa upepo.

Siri ya mvinje iko mizizini. Humo huishi bakteria wenye uwezo wa kuchukua naitrojeni kutoka hewani na kuupa mti, hivi kwamba mti unaweza kuanza maisha mahali ambapo udongo haupo. Mivinje ikakua, ikadondosha vijitawi vyake vyembamba mfano wa sindano, na chini yake likatandikwa zulia nene la rangi ya kahawia. Lakini zulia hilo halikuoza. Vijitawi vya mvinje vina ukakasi ambao vijidudu vingi havipendi, kwa hiyo chakula kilikuwepo ila hapakuwa na mlaji.

Mlaji alipatikana, naye alikuwa jongoo. Haller aligundua kwamba jongoo wetu wa pwani, yule mweusi mwenye miguu myekundu ambaye watoto humchokoza ajikunje, hula vijitawi vya mvinje bila taabu. Mamia yao wakakusanywa wakaachiliwa machimboni. Jongoo wakala na kuzaana, na kinyesi chao kikawa chakula cha vijidudu vidogo zaidi vilivyoikamilisha kazi ya kukigeuza kuwa mboji. Kidogo kidogo juu ya mwamba mtupu ukaanza kujengeka udongo, na juu ya udongo huo ikapandwa miti mingine ya asili ya pwani. Leo mahali hapo pana msitu, mabwawa na wanyama, na panajulikana kama Haller Park. Hata yule kiboko mtoto Owen, aliyeokolewa baharini huko Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mkongwe Mzee, aliletwa kulelewa papo hapo.

Wanafunzi wengi wa Mombasa wamepelekwa Bamburi katika ziara za shule. Hurudi wakisimulia habari za twiga, mamba na viboko. Ni wachache niliowasikia wakisimulia habari za jongoo, ilhali bila jongoo huyo mdogo pasingekuwa na majani ya kumlisha twiga. Wahenga walisema kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Walikusudia kwamba anayeachana na kitu kibaya na aachane nacho pamoja na vyote vinavyohusiana nacho. Mashambani methali hii imetugeukia: tumemtupa jongoo, tukautupa na mti wake, na rutuba ikaenda pamoja nao.

Maadamu mwamba mtupu uliweza kufanywa udongo kwa mabaki ya miti, seuze shamba la shule lililo na udongo tayari, hata kama umechoka?

Hata hivyo, si haki kumwonyesha msomaji upande mmoja tu wa jambo. Ukivuka daraja la Mtwapa kutoka Kisauni unaingia Kaunti ya Kilifi, na hapo pana kituo cha utafiti wa kilimo ambacho zamani kilikuwa chini ya KARI na sasa kiko chini ya KALRO. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walipanda mahindi hapo kati ya safu za mlusina, ule mti wenye majani madogo kama ya mkwaju na maganda bapa. Safu hizo zilikatwa mara kwa mara na majani yake yakarudishwa ardhini. Taarifa zilizochapishwa zilionyesha kwamba uvuli wa miti hiyo ulipunguza magugu na kwamba majani yaliyorudishwa ardhini yaliyanufaisha mahindi.

Mbona basi hatuoni safu za mlusina katika kila shamba la pwani? Sababu ni kadhaa, na zote zina funzo. Kukata safu hizo kwa wakati kunahitaji mikono mingi, na mkulima akichelewa, mti hunyang'anya mahindi jua na maji. Isitoshe, mwanzoni mwa miaka ya 1990 mdudu mdogo afyonzaye utomvu wa mlusina aliingia Afrika Mashariki na kuidhoofisha miti hiyo. Kisha mlusina wenyewe ukiachwa ukomaze mbegu, huenea kama gugu.

Funzo langu kutokana na Mtwapa ni kwamba wazo la kuulisha udongo kwa majani halikuwa na kasoro, ila mpangilio wake ulikuwa mzito kwa mkulima mdogo. Si lazima tupange miti katikati ya mahindi. Tunaweza kuipanda mpakani na katika ua, tukaikata na kuyaleta majani shambani. Na shuleni hata kupanda si lazima kwa kuanzia, kwa sababu majani tunayo tayari. Tunachokosa ni uamuzi wa kuacha kuyachoma.

Nimewahi kulitoa wazo hili mbele ya walimu wenzangu, na pingamizi nilizozipata zinastahili kujibiwa kwa heshima. Wa kwanza alisema kwamba majani huleta nyoka. Ni kweli kwamba lundo kubwa lililoachwa miezi kadhaa laweza kuwa maficho ya nyoka na panya, na kwa hiyo sishauri malundo karibu na madarasa. Ninachoshauri ni tabaka lililotandazwa shambani, lenye unene wa kiganja cha mkono. Na yeyote anayefanya kazi humo avae viatu, na afunue majani kwa reki badala ya kutia mkono.

Wa pili alisema kwamba majani huleta mchwa. Mchwa wapo pwani, tupende tusipende, na mara nyingi hupendelea kilichokauka kuliko mmea ulio hai wenye afya. Anayeyaacha majani umbali wa kiganja kutoka kwenye shina hupunguza hatari hiyo, na pia hulilinda shina lisioze.

Wa tatu alisema kwamba shule yenye majani ni shule chafu. Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Tumewafundisha watoto kwamba usafi ni ardhi tupu iliyochorwa mistari ya fagio. Uwanja wa gwaride na ufagiliwe, sikatai. Lakini shamba si uwanja wa gwaride. Shamba safi ni lile lisilo na plastiki, vigae na magugu, nalo limevikwa majani kama mtu aliyevaa nguo zake za heshima.

Kuna pingamizi ya nne ambayo husemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Mzazi mmoja wa Likoni aliniambia, "Mwalimu, nitaihudumiaje ardhi ambayo kesho naweza kuambiwa si yangu?" Sisi wa pwani tunalifahamu swali hili. Ardhi ya Waitiki hapo Likoni, ya ekari 930 hivi, iliishi na mgogoro kwa miaka mingi kabla ya wakazi kuanza kupewa hatimiliki Januari 2016. Wako wengi katika bara yetu ambao hadi leo wanalima bila karatasi yoyote mkononi. Mtu wa namna hiyo huogopa kupanda mti wa miaka 20, nami simlaumu.

Lakini jibu nililompa mzazi huyo ndilo ninalolirudia hapa. Majani yaliyotandazwa hayasubiri hatimiliki. Yakilazwa mwanzo wa masika, mchicha utayafaidi ndani ya wiki chache na mahindi msimu huo huo. Ni huduma ya ardhi ambayo malipo yake mtu huyala kabla hajafukuzwa, akifukuzwa. Kwa mnyonge asiye na uhakika wa kesho, mbolea inayolipa leo ndiyo inayofaa.

Tena ni mbolea isiyopangiwa bei na mtu. Mwaka 2022, bei ya gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia lilipita shilingi 6,000 hapa Kenya, hadi serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Ni shule ngapi za msingi zingeweza kununua gunia kama hilo kwa ajili ya shamba la wanafunzi?

Sisemi kwamba majani yatachukua nafasi ya mbolea ya dukani kila mahali. Tufanye hesabu, na naomba walimu waifanye ubaoni pamoja na wanafunzi. Chukua kilo 100 za majani mabichi ya gilirisidia, mti unaopandwa sana kama ua. Yakikauka hubaki kiasi cha kilo 25. Majani hayo huwa na naitrojeni ya asilimia 3 au zaidi kidogo, kwa hiyo tumepata gramu 750 hivi. Gunia la kilo 50 la mbolea ya urea lina naitrojeni kilo 23. Ili kulifikia gunia moja tutahitaji zaidi ya kilo 3,000 za majani mabichi! Kwa mwenye ekari nyingi, huo ni mzigo mzito. Kwa shamba la shule lenye matuta kumi, au kwa kiunga cha mama wa Mtopanga, kilo 100 ni matawi ya alasiri moja. Isitoshe, urea haizuii jua kukausha mchanga, haivunji nguvu ya tone la mvua, wala haimlishi jongoo.

Nieleze sasa kwa ufupi namna ya kufanya, kwa kuwa nasaha isiyo na njia ni kelele. Pogoa matawi kabla mvua hazijaanza au mara tu baada ya palizi ya kwanza. Vijiti vinene vitengwe viwe kuni za jikoni. Majani na vitawi laini vikatwekatwe vipande vya urefu wa shubiri na kutandazwa kati ya mistari. Majani mabichi ya gilirisidia, mlusina na mbaazi huoza upesi na kuulisha mmea haraka. Majani magumu ya mwembe, makuti na mabua ya mahindi huoza polepole, na kazi yake kubwa ni kuifunika ardhi. Anayeweza kuchanganya aina hizi mbili amefanya vyema zaidi.

Kuna mambo ya kuepuka. Usiyafukie majani makavu ardhini siku chache kabla ya kupanda, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha vitakopa naitrojeni ya udongo na mimea itageuka manjano. Yaache juu, ardhi itayavuta yenyewe. Mlusina ukatwe kabla maganda hayajakomaa. Mabaki ya nyanya au mboga zilizougua yasirudishwe shambani. Na plastiki iokotwe kwanza, maana katika mitaa yetu jani na mfuko husafiri pamoja.

Nawaomba wanafunzi wasiniamini mimi kwa sababu tu nimeandika gazetini. Nipimeni. Tengenezeni matuta sita yaliyo sawa kwa urefu na upana, mkayapange mawili mawili. Katika kila jozi pigeni kura kuamua tuta lipi litandazwe majani na lipi liachwe tupu. Pandeni mchicha au sukumawiki siku moja, mbegu moja, na maji kipimo kimoja. Kila wiki pimeni kimo cha mimea. Saa saba mchana tieni vidole katika udongo wa matuta yote na mwandike upi una joto na upi una unyevu. Siku ya kuvuna, tieni mboga kwenye mizani. Kama tuta lililofunikwa halitafanya vizuri, andikeni hivyo hivyo bila kuficha, kisha mjiulize kwa nini. Huo ndio ujuzi ambao mtaala wa umilisi unadai tuwape watoto, na gharama yake haizidi bei ya mbegu.

Walimu wakuu nao wana lao la kufanya. Vilabu vya 4K, vyenye wito wa Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilizinduliwa upya mwaka 2021 ili kuwarudisha watoto shambani. Klabu ipewe mamlaka juu ya kila tawi linalokatwa katika kiwanja cha shule, na kiberiti kifungiwe ofisini. Aidha, tuache kabisa kulifanya shamba kuwa mahali pa adhabu. Mtoto anayepelekwa kulima kwa sababu amechelewa gwaride hujifunza jambo moja tu: kwamba udongo ni jela. Akiwa mtu mzima atafanya juu chini asiuguse.

Maafisa wa kaunti ningewauliza swali moja tu. Miti ya barabarani inapopogolewa, na mabaki ya mboga yanapokusanywa sokoni Kongowea, kwa nini shehena hiyo isafirishwe hadi jaa la Mwakirunge ikachanganywe na plastiki, ilhali njiani inapita karibu na shule zenye mashamba yenye njaa? Lori moja la majani likishushwa shuleni lingefaa zaidi ya hotuba kumi za Siku ya Mazingira.

Yule mama wa ng'ambo ya ua aliendelea kuyachukua majani yetu hadi nilipohamishwa. Katika msimu wangu wa mwisho pale, tulikuwa tumeanza kugawana: nusu yake, nusu ya shamba la shule. Mahindi yetu hayakuwa ya kupigiwa mfano, sitaki kutia chumvi. Lakini yalifika kifuani, yakabeba, na wanafunzi wakachoma mahindi waliyoyapanda wenyewe. Huo ndio moto pekee uliowashwa katika shamba hilo muhula ule.

Ijumaa ijayo, wapenzi walimu na wanafunzi, kengele itakapokaribia kulia na mafagio yatakapotolewa, yachukueni majani hayo mkayalaze shambani. Na mkimwona jongoo mwenye miguu myekundu akipita taratibu juu yake, msimchokoze wala msimtupe. Mpisheni, yuko kazini.